Kituo cha data Mtwara: tuanze na kinachounganisha mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie hoja ya msomaji mwenzangu aliyeandika majuma mawili yaliyopita kwamba, kwa kuwa mkoa wetu wa Mtwara una gesi asilia, na kwa kuwa kompyuta huishi kwa umeme, basi hapa ndipo pajengwe kituo kikubwa cha data, yaani jengo la kompyuta nyingi zilizounganishwa, cha kufundishia mifumo ya akili unde na kufanyia hesabu nzito za kisayansi. Kuhusu gesi sina ubishi naye. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba huipeleka Dar es Salaam kutoka Madimba, hivyo si ajabu mtu wa Mtwara akitamani sehemu yake itumike hapahapa kwa kazi ya maarifa. Ninapoachana naye ni pale alipopiga hesabu kwa kuzidisha tu, kwamba mashine moja ina uwezo wa kiasi fulani, na tukinunua elfu moja tutapata uwezo huo mara elfu. Tena alishauri kwamba nusu ya mashine ziwekwe Mtwara na nusu Dar es Salaam, ziunganishwe kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ule mtandao wa nyuzi za kioo unaounganisha mikoa, kisha zifanye kazi kama kompyuta moja.

Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika chuo kimoja cha hapa mjini. Kosa la hesabu ya kuzidisha nililitenda kabla yake, kwa fedha za chuo na mbele ya wanafunzi, kwa hiyo simwandikii kwa kumcheka.

Tulikuwa tumepata kompyuta 16 za mezani zilizokwisha kutumika ofisini, tukaamua kuziunganisha zigawane kazi moja. Mfano wetu ulikuwa kundi la Beowulf, ambalo Thomas Sterling na Donald Becker waliliunda mwaka 1994 katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, kwa kutumia prosesa (chipu za kufanyia hesabu) 16 za kawaida zinazouzwa madukani. Wanafunzi waliandika programu ya kukokotoa jinsi joto linavyosambaa katika bamba la chuma. Kompyuta moja ilimaliza kazi hiyo kwa muda wa kipindi kimoja cha darasa. Nne zikatumia karibu theluthi ya muda huo, tukapiga makofi. Nane zilipunguza kidogo tu. Tulipowasha zote 16, kazi ilichukua muda mrefu kuliko zilipokuwa nane. Nilitumia siku tatu nikipekua programu mstari kwa mstari kutafuta kosa ambalo halikuwamo.

Kosa lilikuwa chini ya meza. Swichi tuliyoitumia, yaani kisanduku kinachounganisha kebo za mashine zote, ilikuwa ya bei nafuu, ya megabiti 100 kwa sekunde, na mashine zote zilikuwa zikiisubiri. Tulipoibadilisha kwa ya gigabiti moja mambo yalitengemaa, lakini si kama tulivyotarajia, mpaka mwanafunzi mmoja alipoona kwamba taa ya tundu la kumi na moja ina rangi tofauti na za wenzake. Kichwa cha kebo hiyo kilikuwa kimeliwa na kutu ya chumvi ya bahari. Mawasiliano ya gigabiti moja yanahitaji jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo, ilhali yale ya megabiti 100 hutosheka na mbili. Jozi moja ilipokufa, kadi ya mtandao haikulalamika, ilishuka kimyakimya hadi kasi ya chini ikaendelea na kazi. Kompyuta kumi na tano nzima zikawa zinatembea kwa mwendo wa ile moja. Na cha kuniaibisha zaidi, hao hao wa Beowulf walikuwa wameliona tatizo hili mapema, ndiyo maana waliipa kila kompyuta njia mbili za Etheneti, mtandao wa kawaida wa kompyuta, za megabiti 10 badala ya moja. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo nikalipita.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mashine zizungumze katikati ya kazi, badala ya kila moja kupewa fungu lake, ilimalize, kisha irudishe majibu. Zipo kazi za namna hiyo, nami nitazirudia. Ila zile alizozitaja msomaji mwenzangu hazigawanyiki hivyo. Chukua utabiri wa hali ya hewa, ambao kwetu watu wa Kusini si habari ya mbali: Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika katika wilaya ya Kilwa, tukawa tunahesabu siku za mafuta na unga uliobaki madukani. Kompyuta inayokokotoa mwenendo wa kimbunga huigawa anga katika vijisanduku, tuseme vya kilomita 3 kila upande, na kila mashine hupewa eneo lake. Mashine iliyopewa anga ya Msimbati haiwezi kujua upepo wa Msimbati utakuwaje sekunde 18 zijazo pasipo kuambiwa na jirani yake, aliyepewa anga ya mdomo wa Ruvuma, kwamba kwake upepo uko vipi sasa hivi. Kwa hiyo kila hatua inapokwisha, zote husimama, hupeana habari za mipakani, ndipo ziendelee. Utabiri wa saa 48 kwa hatua za sekunde 18 una hatua 9,600, na ndani ya kila hatua mashine hupeana habari zaidi ya mara moja.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliliwaza jambo hili mwaka 1922, kabla kompyuta za umeme hazijakuwapo. Aliufikiria ukumbi wa mviringo wenye watu 64,000, kila mmoja akikokotoa hali ya hewa ya kipande chake cha dunia na kuzionyesha namba zake kwenye kibao cha taa ili majirani wazisome, huku msimamizi aliye juu ya nguzo katikati akiwamulika kwa mwanga wa waridi waliotangulia na kwa mwanga wa buluu waliochelewa. Hesabu za watu wale ndizo prosesa za leo. Vibao na taa ndivyo mtandao, na ukiviondoa unabaki na watu 64,000 wanaokokotoa upuuzi.

Sasa mtandao huo hupimwa kwa vitu viwili, ambavyo matangazo ya kampuni za simu yametuzoesha kuvichanganya kuwa kimoja kiitwacho kasi. Cha kwanza ni upana wa njia, yaani biti ngapi hupita kwa sekunde. Cha pili ni ucheleweshaji, yaani ujumbe mdogo kabisa huchukua muda gani tangu kutumwa mpaka kupokewa. Lori linalotoka Newala na tani 30 za korosho lina upana mkubwa. Bodaboda iliyobeba bahasha moja ina upana mdogo lakini itafika bandarini kabla ya lori kumaliza kupakiwa. Utabiri wa hali ya hewa hutuma bahasha nyingi ndogondogo, na kwa hiyo huumizwa zaidi na ucheleweshaji. Akili unde hutuma malori. Modeli, yaani mfumo wa akili unde unaofundishwa, yenye vigezo (namba inazojirekebishia) bilioni 70, kila kigezo kikiwa na baiti 2, na kila baiti ni biti nane, ina gigabaiti 140 za kusafirisha kila mashine zinapotaka kujumlisha zilichojifunza na kulinganisha namba zao. Kwa njia ya gigabiti moja kwa sekunde, kama ile ya darasani kwangu, mzigo huo huchukua dakika 19 hivi. Kwa njia ya gigabiti 100 huchukua sekunde 11, na kwa njia ya gigabiti 400 sekunde zisizofika 3. Wahandisi wana mbinu za kuugawa mzigo upite njia nyingi kwa wakati mmoja na kuuficha nyuma ya hesabu nyingine, lakini zoezi lenyewe hurudiwa maelfu ya mara, na muda wote ambao mzigo uko njiani prosesa ghali kuliko nyumba zetu zimekaa zikila umeme wa gesi bila kufanya lolote.

Hapo ndipo ushauri wa kugawa mashine kati ya Mtwara na Dar es Salaam unapokwama, na hakuna fedha itakayoukwamua. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa barabara, kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, hivyo mkongo ukiifuata barabara hiyo na usipite kwenye kifaa chochote, ujumbe utatumia karibu milisekunde (elfu za sekunde) 2.8 kwenda tu. Ndani ya ukumbi mmoja, mashine mbili zilizounganishwa vizuri hupeana ujumbe kwa mikrosekunde (milioni za sekunde) moja au mbili. Tofauti ni ya zaidi ya mara elfu. Katika hizo milisekunde 2.8, prosesa ya gigahezi 3 hupigiwa mapigo zaidi ya milioni nane, na kazi ikishagawiwa mashine nyingi, hesabu ya hatua moja nayo hubaki ya milisekunde chache tu, kwa hiyo kusubiri kutazidi kufanya kazi. Mkongo wa Taifa ni mali ya kujivunia kwa kupeleka majibu yaliyokwisha kupikwa, kuhifadhi nakala ya pili ya data mbali na ya kwanza, na kumfikisha mtumiaji wa Nachingwea kwenye huduma iliyopo Kijitonyama. Kuzifanya kumbi mbili ziwe kompyuta moja kwa kazi za namna hii hauwezi, na si kwa uzembe wa mtu.

Turudi ndani ya ukumbi, maana huko ndiko kuliko na mambo. Kuna njia mbili kubwa za kuunganisha mashine zinazoshindana, Etheneti na InfiniBand, na mtu wa Mtwara anaweza kuzielewa kwa kuangalia malori ya korosho wakati wa msimu. Etheneti, iliyobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973 ikiwa na kasi isiyofika megabiti 3, tangu zamani imekuwa na desturi ya kutuma mzigo bila kuuliza kwanza kama huko uendako kuna nafasi. Chama cha msingi cha wakulima kinapakia lori, lori linaondoka, na likikuta ghala kuu limejaa linarudishwa, kisha litumwe tena. Katika mtandao lori halirudi hata. Kifurushi cha data hutupwa, na mtumaji akigundua kuwa hakikufika hukituma upya. Kwa barua pepe na tovuti hakuna anayeona tofauti. Kwa mashine elfu moja zinazosubiriana, kifurushi kimoja kilichotupwa ni mashine elfu moja zilizosimama.

InfiniBand, iliyoanza mwaka 1999 baada ya kampuni kadhaa kuunganisha mipango miwili iliyokuwa ikishindana, ilijengwa juu ya desturi nyingine. Mpokeaji hutangulia kumwambia mtumaji kwamba ana nafasi ya mizigo kadhaa, na mtumaji haruhusiwi kuondosha lori pasipo nafasi hiyo kutangazwa. Hakuna foleni nje ya ghala kwa sababu hakuna lori lililotoka bila miadi. Zaidi ya hilo, kadi ya mtandao yenyewe huuchukua mzigo kutoka kumbukumbu ya mashine moja na kuuweka moja kwa moja katika kumbukumbu ya mashine nyingine, bila kupita kwa prosesa wala mfumo endeshi. Anayejua safari ya gunia la korosho, kupimwa, kuandikwa daftarini, kuhamishiwa chumba cha pili, kupimwa tena na kuandikwa tena, ataelewa kinachookolewa hapo. Vizazi vya kwanza vya InfiniBand vilipitisha gigabiti 10 kwa sekunde katika kebo ya njia nne. Vya sasa vinapitisha 400, na vipya zaidi 800.

Watu wa Etheneti hawakukaa kimya. Tangu 2010 pana utaratibu wa kuufikisha mzigo kumbukumbuni moja kwa moja juu ya Etheneti vilevile, na ili vifurushi visitupwe, swichi inayokaribia kujaa humpigia aliye nyuma yake ishara ya kusimama. Naomba wasomaji waitazame ishara hiyo kwa makini, kwa sababu wauzaji huitaja kwa maneno mawili na kuendelea. Ghala moja likijaa, malori ya kwenda ghala hilo husimama barabarani. Foleni ikirefuka hufika makutano, na hapo gari lisilohusika na korosho kabisa, linalokwenda zake hospitali ya Ligula na mgonjwa, nalo linakwama. Katika mtandao usiopangwa kwa uangalifu, ishara ya kusimama hurudi nyuma swichi hadi swichi namna hiyo hiyo mpaka mashine zisizo na hatia zinasimama. Dawa ipo, lakini inataka mhandisi anayeijua, anayekaa na mtandao huo na kuurekebisha kazi zinapobadilika. Kampuni nyingi kubwa ziliungana mwaka 2023 kuiandika Etheneti upya kwa ajili ya kazi hizi, na maelezo yao ya kwanza kamili yalitoka 2025.

Simwambii mtu achague ipi. Frontier, kompyuta ya Marekani iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya dunia ya kompyuta zenye kasi kuvuka hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, mwezi Mei 2022, inatumia mtandao uitwao Slingshot uliojengwa juu ya Etheneti. Fugaku ya Kobe, Japani, yenye nodi (kompyuta moja moja zinazounda kundi) 158,976, inatumia mtandao wake yenyewe uitwao Tofu, jina linalofanana na lile la chakula cha soya, ingawa wao wanasema limetokana na umbo la mtandao. Wote hawa wamefika kileleni kwa njia tofauti, na wote waliupanga mtandao pamoja na prosesa, hawakuusubiri mwisho wa bajeti. Hata wauzaji wa prosesa wanalijua: mwaka 2019 Nvidia ilitangaza kuinunua Mellanox ya Israeli, kampuni ya kadi, kebo na swichi za InfiniBand, kwa dola bilioni 6.9, na ununuzi ukakamilika 2020. Hazikuwa fedha za kununulia nyaya za akiba.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani hata ukiingia ukumbini ukaziona taa zote za kijani zinawaka, nalo ni umbo la mtandao. Swichi moja haina matundu ya kutosha mashine elfu moja, kwa hiyo swichi hupangwa kwa ngazi. Tuseme kila swichi ya chini ina seva, yaani mashine, 32, kila seva ikiwa na njia ya gigabiti 100, lakini kutoka swichi hiyo kwenda juu zipo njia nane tu za kasi hiyo hiyo. Seva zote zikitaka kuzungumza na upande wa pili kwa pamoja, kila moja itapata robo ya ilichoandikiwa kwenye karatasi. Charles Leiserson alieleza mwaka 1985 mpangilio unaoepuka hali hiyo, mti ambao matawi yake hunenepa kadiri yanavyolikaribia shina, na mimi huwaambia wanafunzi wautazame mbuyu. Mbuyu kamili ni ghali. Kwa hiyo muuzaji anayetaka kushusha bei bila kugusa idadi ya mashine, ambayo ndiyo itakayosomwa siku ya uzinduzi, huenda kulipunguza shina. Kipimo cha kumshika kipo: ukiukata ukumbi katikati, nusu huku na nusu kule, ni gigabiti ngapi kwa sekunde zinapita katika mkato huo mashine zote zinapotuma kwa pamoja? Swali hilo moja linatosha kuubadilisha uso wa aliyeleta zabuni.

Niliahidi kurudi kwenye kazi zinazogawanyika zenyewe. Kituo kinachohifadhi kumbukumbu za ardhi, hati za hospitali, matokeo ya mitihani na stakabadhi za ghala hakihitaji hata kidogo InfiniBand. Mwananchi wa Tandahimba anayetafuta stakabadhi yake hana haja ya kumsubiri wa Ruangwa anayetafuta ya kwake. Kila ombi hujibiwa peke yake, na Etheneti ya kawaida ya gigabiti 25 au 100, ikiwa na njia mbili ili moja ikikatika nyingine ibaki, ni mali ya kutosha. Hata sehemu ya kazi za kisayansi iko hivyo: kupitisha mfano mmoja wa hesabu mara elfu kwa namba tofauti ni kazi ambayo ile maabara yangu ya kompyuta 16 huifanya vizuri kabisa. Ningeona uchungu kuona fedha za mkoa zikimwagwa kwenye mtandao wa hali ya juu ili kuhifadhi faili za ofisi, kama ambavyo ningeona uchungu prosesa za mabilioni zikifungwa kwenye swichi ya dukani. Ndiyo maana kazi yenyewe itajwe kwanza, kwa jina, kabla ya jengo kupimwa. Uchakataji wa data za mitetemo ya chini ya bahari, zinazotumika kutafuta gesi, umo katikati ya aina hizo mbili za kazi: mapigo mengi ya mitetemo huchakatwa kila moja peke yake, lakini kusoma na kuandika mafaili makubwa hudai njia pana kati ya mashine na maghala ya data, kipande cha mtandao ambacho husahaulika hata na wanaokumbuka vingine vyote.

Yapo pia mawazo kwamba tuombe mashine zilizostaafu ughaibuni. Si mawazo mabaya. Ranger, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Texas iliyokuwa na nodi 3,936 zilizounganishwa kwa InfiniBand, ilipozimwa mwaka 2013 ilivunjwa na makabati yake yakapelekwa vyuo vya Afrika Kusini, Tanzania na Botswana. Ila anayepokea kabati la mashine hizo anapokea kipande cha mti uliokatwa. Mtandao wa awali ulipangwa kwa ajili ya nodi zote. Ukichukua kabati chache, swichi kuu hazikufai au hukupewa, na kebo zilikatwa kwa urefu wa ukumbi mwingine. Inabidi mtandao ubuniwe upya, jambo lenye bajeti yake na muda wake, na ambalo barua ya shukrani huwa haina nafasi ya kulitaja. Wenzetu wa Afrika Kusini walifikia hatua ya kujijengea: kompyuta yao Lengau, jina ambalo kwa Kitswana ni duma, ilizinduliwa Cape Town mwaka 2016 ikiwa na InfiniBand tangu siku ya kwanza.

Nimalizie na hewa yetu. Kwa kasi za leo, kebo ya kawaida ya shaba haifiki zaidi ya mita mbili au tatu, hivyo karibu kila kinachotoka nje ya kabati husafiri kwa mwanga kupitia nyuzi za kioo, na kila mwisho wa uzi una kifaa cha kugeuza umeme kuwa mwanga, kinachokula umeme na kutoa joto ambalo kiyoyozi lazima kiliondoe. Njia ya mwanga katika uzi wa masafa marefu ina upana wa mikromita 9 hivi. Chembe moja ya vumbi ikitua kwenye ncha yake huziba njia hiyo, na hapa kwetu vumbi huja pamoja na chumvi. Mwaka jana kampuni moja iliyotufungia faiba kati ya majengo mawili iliziacha ncha wazi mezani kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, dirisha likiwa wazi linalotazama baharini. Wiki mbili za kwanza mtandao ulikuwa ukikatika na kurudi, na fundi wao alibadilisha kila kitu isipokuwa kuzisafisha ncha. Kituo cha data kikijengwa Mtwara kitakuwa na maelfu ya ncha za aina hiyo. Kitahitaji milango miwili ya kuingilia, hewa iliyochujwa, darubini ya kukagulia ncha, vitambaa na kalamu za kusafishia vinavyoagizwa kila mara kama wino wa printa, na vijana waliofunzwa kutoichomeka kebo kabla hawajaitazama. Chuo kama chetu kinaweza kuwafunza vijana hao kuanzia sasa, hata kama jengo ni la miaka mitano ijayo, kwa kuwa ncha chafu ya kujifunzia haigharimu kitu.

Kwa msomaji mwenzangu, nikuombe radhi kama nimeichambua barua yako kupita kiasi. Ningependa uje maabara siku moja utazame ile taa ya tundu la kumi na moja. Na kwako Mhariri, ninalo ombi moja. Ikitokea kweli kwamba mpango wa namna hii unafika kwenye hati ya zabuni, naomba mwandishi wenu aufungue ukurasa wa mtandao kabla ya ule wa prosesa. Aangalie kama imeandikwa ni kazi gani itakayofanywa humo, ni gigabiti ngapi zinazopita katika mkato wa kati, ujumbe mdogo unatakiwa kufika kwa mikrosekunde ngapi mashine zote zikiwa kazini, na nani atalipwa kukaa na mtandao huo baada ya wauzaji kupanda ndege. Akikuta mahali pa hayo yote pameandikwa neno swichi na idadi yake tu, atuandikie hivyo hivyo.

Wako,
Mwalimu wa TEHAMA,
Shangani, Mtwara